Swali la Tisa

Alikuja baada ya alasiri, dada wa chuo,
na bahasha ya kaki na kalamu ishirini za wino wa bluu,
akatukuta kwenye baraza ya msikiti wa Mabatini,
sisi vijana wa darasa la Jumamosi.
"Hakuna jibu la kosa," akasema, "na jina msiandike."
Ustadhi Abedi akaitikia kwa kichwa,
akaenda zake kumwagilia mchaichai.

Wasichana walikuwa upande wa pili wa pazia.
Karatasi zao zilipitishwa chini, kama sahani za futari.

Swali la kwanza: unasali mara ngapi kwa siku?
Tano. Nikaweka tiki nene,
ingawa alfajiri ya juzi niliidaka jua limeshapanda majabali.
La nne: umehifadhi Kurani kiasi gani?
Juzuu kumi na mbili. Hapo kalamu ikasita,
maana juzuu hizo zina mwalimu asiyetajwa kwenye cheti.

Kisha la tisa.
Mwanamke ana haki sawa na mwanamume
katika elimu, kazi na uongozi.
Nakubali kabisa. Nakubali. Sina hakika. Sikubali. Sikubali kabisa.
Visanduku vitano, vyembamba kama vyumba vya kupanga,
kila kimoja kinataka uingie na kufunga mlango.

Sudi, ambaye Ijumaa humkuta kwenye meza ya puli,
aliweka tiki kwenye cha mwisho kabla hajamaliza kusoma.
Yunusi, mwenye alama ya sijida katikati ya paji,
akaweka kwenye cha kwanza, akafunika kalamu, akatazama ziwa.
Mama yake anaanika dagaa Mwaloni;
ada yote ilitoka kwenye magunia yale.
Mimi nikatazama chini ya pazia.
Niliona kidole cha mguu wa Salha, chenye hina iliyokwisha rangi.

Nyumba yetu imeegemea jiwe;
kuta za vyumba hazifiki kwenye bati.
Usiku nikisoma, sauti ya dada yangu huruka ukuta:
"Rudia. Madda hiyo ni harakati nne, wewe umekata mbili."
Narudia.
"Bado."
Narudia.
Hata siku ya mashindano, ukumbi umejaa kofia,
nilipokwama katikati ya Sura Hudi
nilimwona dirishani, karai la maandazi mbele yake,
midomo ikitangulia.
Nikaifuata midomo, nikafika.
Wanaume wakapiga takbiri. Zawadi ilikuwa baiskeli.
Baiskeli nikapanda mimi.
Yeye akapanda mlima, na ndoo.

Jioni ile ya karatasi nilimkuta anapara sato, magamba hadi kiwikoni.
"Wewe la tisa uliweka wapi?"
"Sikuweka. Niliandika pembeni."
"Uliandika nini?"
"Niliuliza: sawa na mwanamume yupi?
Kama ni Sudi, sitaki."
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Mtume alikuwa akishona kiatu chake kwa mkono wake," akasema,
"hadithi hiyo nimekusomesha mimi.
Wewe sabuni ya kanzu yako hujui inakaa rafu ipi."

Sikumwambia kwamba niliweka kwenye cha katikati,
tiki ndogo, nyembamba, mguu mmoja nje.

Alhamisi usiku nikaloweka kanzu mwenyewe.
Bluu niliitia kwa kukisia, kama chumvi.
Ijumaa ikaamka na mabaka mabegani,
ramani ya visiwa nisivyovijua.
"Nini hiyo, kijana?" akauliza Ustadhi tukipanga safu.
"Wino," nikasema. "Wa lile dodoso."

Nilisema wino,
ndani ya msikiti, maji ya udhu hayajakauka mikononi,
na nyuma ya pazia mtu akakohoa.